Bi wa jirani aliniuliza tunaomba nini, nikamjibu nusu

Shikamoo Mama,

Naishi Malindi, mtaa wa Maweni, na nina kibanda cha nafaka sokoni: mchele, maharagwe, pojo, mahindi. Nimeokoka mwaka wa 12 huu. Mume wangu ni fundi mwashi, tuna watoto 3. Nyumba yetu imeshikana ukuta na ya Bi mmoja wa Kiislamu, mjane, mtu mzima, mwenyeji wa hapa tangu mababu. Ujirani wetu una miaka 9. Ramadhani huwakataza wanangu kutoka barazani na chakula mchana, na jua likizama humpelekea Bi sahani ya kaimati au viazi karai. Idi ikifika, sahani yangu hurudi na pilau. Nilipojifungua kitinda mimba, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto mpaka arubaini ikaisha.

Shida yangu ni hii. Kanisani kwetu mwaka huu tumeagizwa kila mshirika alete nafsi moja kabla ya Krismasi. Kila Jumapili watu husimama kutaja waliowaleta. Mimi tangu Januari nimekaa kitini. Sijui kuhubiri, Mama. Nikijaribu, ulimi huwa mzito. Halafu tangu yale ya msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, ukisema hapa mjini kwamba umeokoka, mtu hukutazama mara mbili. Asubuhi moja natoka kesha, kijana wa bodaboda akaniuliza kama na sisi tumekatazwa kula. Nilikosa la kumjibu.

Linaloniuma zaidi ni la mwezi uliopita. Umeme ulikatika, tukakaa barazani na Bi tukipunga upepo. Ghafla akaniuliza, "Mwenzangu, usiku mkifunga mlango mkaanza zile sauti zenu, mwaomba nini?" Nikashtuka. Nikamwambia, "Twaimba tu, Bi." Akasema, "Haya," akageuza mazungumzo. Tangu siku ile sina amani. Najiona kama Petro pale uani kwa kuhani mkuu.

Na hata ningesema, nani angeniamini? Mzee mmoja wa kanisa letu hushika spika kila Jumamosi pale stendi ya tuktuk, anahubiri vizuri sana, lakini ana deni langu la mchele la tangu Februari, shilingi 4,600, na najua si mimi peke yangu. Jirani yangu wa sokoni aliniambia mbele ya wateja, "Ukimkopesha mlokole, andika juu ya maji." Niliinamisha kichwa.

Kwangu mimi najitahidi. Kibaba changu hakina mkono ndani, wateja wanajua. Sisengenyi, sigombani na mtu. Nyumbani tuna ibada kila usiku. Isipokuwa binti anayenisaidia kazi, wa kutoka huko Marafa, siku hizi akisikia tunaanza huenda zake jikoni, na Jumapili husema ana nguo za kufua. Sijui amepatwa na nini, ndio ujana. Tena ni mtoto mzuri. Mwaka huu tulipochangia paa la kanisa nilikwama nikakaa na mshahara wake wa miezi miwili, lakini anaelewa, kwangu ni kama mwanangu.

Basi nimewaza hivi: Krismasi hii nimwandalie Bi chakula cha heshima, nimnunulie na leso doti nzima, halafu mchungaji apite "kwa bahati" azungumze naye. Je, ni njia nzuri? Au mwenendo mwema peke yake unatosha kumvuta mtu, hata nisiposema neno?

Mama wa Kibaba, Malindi

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona Bi. Ya pili nikamwona mzee mwenye spika. Ya tatu ndipo nikamwona binti wa Marafa, amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo, anawasikia mkiimba. Umempa mistari michache tu, baada ya kibaba na kabla ya leso. Nitaanza kwake, na nitakaa hapo, maana naamini ndipo barua yako ilipo.

Unasema anaelewa. Mwanangu, alikwambia yeye, au ni wewe uliyemsemea? Mtu anayelala kwako, anayekula kwako, ambaye nauli ya kurudi kwao iko ndani ya mkoba wako, atakwambia nini kingine? Miezi miwili ni siku 60. Kuna mama yake huko Marafa anayengoja unga, kuna mdogo wake anayengoja daftari. Paa la kanisa limeezekwa kwa fedha za mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kuchanga. Kisha usiku anasikia, nyuma ya mlango wa jikoni, mnamshukuru Mungu kwa paa.

Huo si ujana.

Nakwambia haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Zamani, nikifundisha shule ya msingi, nyumba yangu ilikuwa na ushirika wa maombi kila Alhamisi. Msichana wangu wa kazi ndiye aliyetuletea chai. Siku moja alivunja chupa ya chai, nikamfokea, nikamkata bei yake kwenye mshahara, nikapangusa jasho, nikaenda sebuleni kuongoza maombi. Mgeni mmoja, mama mkarimu, akamuuliza yule binti kama ameokoka. Akajibu kwa adabu, macho chini: "Yesu wa hapa ni wa wanaokaa kwenye viti." Nilitamani sakafu inimeze. Nilimrudishia pesa zake na nikamwomba radhi, lakini ilinichukua wiki nzima kujishinda, na hakukaa sana baada ya hapo. Sijui leo anasali wapi. Kila nikiona chupa ya chai namkumbuka.

Sisi tunaoitwa na jina la Kristo tunajua kuchagua macho ya kutuona. Sokoni tunajipanga, kanisani tunajipanga, kwa jirani wa dini nyingine ndiko tunakojipanga hasa. Aliye chini yetu hatumpangii chochote, kwa hiyo yeye ndiye anayetuona jinsi tulivyo. Ukitaka kujua mwenendo wako unavuta au unafukuza, usimuulize Bi. Tazama binti anaelekea wapi mnapoanza kuomba.

Na usidhani Bi haoni. Umesema mwenyewe kwamba ukuta ni mmoja. Anasikia nyimbo, kwa hiyo anasikia na sauti unayomtumia binti saa kumi na moja alfajiri. Wanakutana uani wakianika nguo. Bi amelelewa na mafundisho ya kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka, hakuna Mwislamu wa pwani asiyeyajua hayo. Sisi nasi tuna letu, Walawi 19:13, kwamba ujira wa uliyemwajiri usilale kwako hata asubuhi. Hapa vitabu viwili vinasema neno moja, na yeye anangoja kuona la kwenu mnalifanya au mnaliimba.

Kwa hiyo kabla hujafanya jambo lingine lolote, mlipe. Miezi yote miwili kwa pamoja, mkononi mwake, bila kukata sabuni wala sukari. Kama huna, punguza mchele dukani, au ukope kwa jina lako mwenyewe. Mchango wa paa unaweza kungoja, na mchungaji wako akiuliza, mwambie sababu. Halafu mwambie binti maneno haya bila kuyapamba: nilikosea kukaa na haki yako. Usimalizie na "lakini". Usimwombee papo hapo. Na Jumapili ijayo usimuulize kama anakuja kanisani.

Kuhusu Jumapili hizo, liko jambo linalopita heshima. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila akitimiza mwaka. Haikusema "isipokuwa wa nyumbani". Chakula unachompa hakigeuki mshahara, na kumwita mwanangu hakuiondoi haki hiyo. Mwanao ungemnyima nauli ya kwenda kumwona mamake? Kama nguo zinamngoja kila Jumapili, basi hana siku yake, na pengine hilo tu ndilo linalomfanya achague kufua kuliko kuimba. Kama hujui kima cha mshahara wa kazi za nyumbani kwa mji wetu, pita ofisi ya leba uulize.

Sasa nije kwa Bi.

Hapana, mwanangu, usifanye ile karamu. Mpikie, ndiyo. Mnunulie leso, ndiyo, na uchague vizuri jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, maana Bi ataisoma kabla hajajifunga. Lakini mchungaji anayepita "kwa bahati" ni ndoana ndani ya chambo. Watu wetu ni wavuvi. Tangu utoto Bi ameona chambo kikifungwa, ataijua harufu yake kabla sinia halijatua. Akishaijua, ataanza kuihesabu upya miaka 9 iliyopita. Zile kaimati za Ramadhani zilikuwa kaimati, au zilikuwa kamba ndefu? Utakuwa umeunajisi wema ambao mpaka leo ni safi. Alikukanda siku 40 kwa maji ya moto bila kukutaka uingie dini yake. Mrudishie kwa moyo uleule.

Nimesema wema usiwe chambo. Sijasema wema hauvuti. Unavuta, na Malindi hii tuna kisa chake cha kale. Unalijua lile kanisa dogo la makuti karibu na bahari, lenye makaburi, ambalo watu hulipita wakienda kupiga picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mwaka 1542 Francisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki, alitia nanga hapa akielekea Goa, India. Mtu mmoja wa chomboni mwao alikuwa amefariki, wakamzika hapa Malindi. Mwezi wa Septemba, akiwa Goa, Ksaveri aliandika barua kwa wenzake, na ndani yake akaeleza kwamba Waislamu wa mji huu waliguswa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Hakuandika kwamba waliguswa na hotuba. Mabaharia wachovu, ugenini, walimsitiri mwenzao kwa heshima, na watu wa Malindi wakasimama wakatazama.

Na katika barua hiyohiyo yumo mkubwa mmoja wa mji aliyemfuata na swali. Alitaka kujua kama na kwa Wakristo watu wamepoa katika ibada, kwa sababu mji ule ulikuwa na misikiti 17 na inayohudhuriwa ni 3 tu. Huwa nasimama kwenye swali hilo kila nikikumbuka kisa hiki. Lilikuwa swali la mtu mwenye huzuni kwa ajili ya dini yake, akimuuliza mgeni aliyeona kwamba naye huomba. Linafanana sana na la Bi wako barazani.

Umeniuliza kama mwenendo unatosha bila neno. Fungua 1 Petro sura ya 3. Mwanzo wa sura anawaandikia wake ambao waume zao hawaamini, kwamba waume hao "wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile Neno". Wanaonyamaza hupenda kuishia hapo. Ukishuka mpaka aya ya 15, sura ileile, anasema muwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, tena kwa upole na kwa hofu. Petro hakuandika awaulizaye kwa bahati mbaya. Anatarajia kwamba mkiishi sawasawa, ipo siku mtu atauliza. Kwa hiyo kazi yako haikuwa kutafuta pa kuanzia mahubiri. Ilikuwa kujibu. Bi aliuliza, tena baada ya miaka 9 ya kukuona, gizani, mkiwa wawili. Hapo mwenendo ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake na zamu ilikuwa ya ulimi.

Hukumkana Bwana, usijitese na Petro wa uani. Uliogopa, na naijua hofu yenyewe. Uliogopa kwamba ukitaja jina la Yesu, Bi atadhani unamvizia. Na kwa jinsi agizo la nafsi moja lilivyokukaa kichwani, kweli ungekuwa unamvizia, moyo wako ukajua, ukanyamaza. Nafikiri ukimya ule ulikuwa na uaminifu fulani ndani yake. Agizo hilo lenyewe sina furaha nalo. Mtu akishakuwa hesabu ya Krismasi, macho yako humtazama vingine, na yeye huona. Mwambie mchungaji wako kwa adabu kwamba mwaka huu huna wa kumsimamisha, na kwamba umejifunza kulipa mishahara. Akiudhika, avumilie.

Kwa mzee wa spika sitakaa sana. Usimseme sokoni, usimseme kwenye ushirika. Nenda kwake peke yako, ukiwa na daftari, umwambie: mzee wangu, ni shilingi 4,600 za tangu Februari, na watu wanalisema jina la kanisa kwa ajili yake. Mpe nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Asipokusikia, rudi na mwenzako mmoja au wawili, ndivyo tulivyofundishwa katika Mathayo 18. Lakini ufike kwake wewe ukiwa huna deni la binti, la sivyo maneno yatakukwama kooni. Na yule wa sokoni akirudia ule msemo wake, usiinamishe kichwa. Mwambie, "Kweli, wapo, na mimi nilikuwa mmoja wao, nimelipa juzi." Siku hiyo ataenda na msemo mwingine.

Yule kijana wa bodaboda naye umjibu ukikutana naye tena, maana swali lake halikuwa dhihaka hata kama alicheka. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa Shakahola, na miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wakiwemo. Iliingia mji huu ikipita mbele ya macho yetu kwenda mochari. Wengi walioingia msituni walifuata mahubiri matamu, na walikuwa watu wa kufunga, watu wa kuomba. Sasa sisi tutaosha jina hili kwa spika kubwa zaidi? Kijana wa bodaboda anataka kujua kama katika nyumba zetu watoto wanakula, wagonjwa wanapelekwa hospitali, na mtu anaweza kumuuliza mchungaji swali asifukuzwe. Mjibu hayo: tunakula, tunatibiwa, tunauliza. Kisha mlipe nauli yake bila kumpunja shilingi kumi.

Na Bi? Umlipe binti kwanza. Wiki ipite, mbili zipite. Umeme hapa kwetu hautakosa kukatika. Mkikaa tena barazani, umpe kahawa, umwambie: "Bi, siku ile uliniuliza twaomba nini, nikakujibu nusu. Twamwomba Mungu kwa jina la Yesu atusamehe ya mchana, awalinde watoto, ampe fundi wangu kazi. Na wewe pia twakutaja." Kama kweli humtaji, anza leo, usije ukasema uongo. Hapo unyamaze. Akitaka kujua zaidi atauliza, na umjibu kile ulichoulizwa. Akisema "Haya" kama siku ile, mwache anywe kahawa yake.